Kwa Nini Gesi ya Kuni Haikugeuka Ethanoli Ndani ya Bomba la Shaba

*Swali: Mimi ni fundi wa mitambo na nimejenga tanuri linalogeuza kuni kuwa gesi kwa kupuliziwa hewa kidogo. Gesi yake inawaka vizuri na imewahi kuendesha injini ndogo ya petroli. Nilisoma kwamba kaboni monoksaidi na hidrojeni zikipita juu ya shaba ya moto hugeuka ethanoli. Nikajaza bomba la chuma vipande vya waya wa shaba, nikalipasha hadi nyuzi 300, nikapitisha gesi ndani yake, kisha nikaipoza kwenye koili iliyozamishwa majini. Baada ya saa 4 nilipata karibu nusu lita ya maji ya kahawia yenye harufu kali ya moshi na, kwa mbali, harufu ya spiriti. Nilipoyachemsha polepole, matone ya kwanza yaliyokingwa yaliwaka. Je, hii ni ethanoli? Nikiongeza joto nitapata zaidi? Na ninaweza kuitumia kwenye injini ya petroli?*

Nianze na majibu yenyewe, sababu zitafuata. Ulichopata si ethanoli. Kuongeza joto hakutakupa alkoholi zaidi, bali kutaondoa hata ile chembe ambayo ingeweza kuundwa. Na maji hayo, pamoja na sehemu yake inayowaka, usiyatie kwenye injini, usiyaonje, wala usiendelee kuyanusa kwa nia ya kuyatambua. Jambo moja zaidi halipaswi kungoja mwisho wa jibu hili: gesi unayoitengeneza ina takriban asilimia 20 ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kazi hii ifanyike nje kabisa, si kwenye karakana iliyofunguliwa mlango.

Baada ya hayo, niseme kwamba wazo lako si la mtu aliyepotea. Mchanganyiko wa kaboni monoksaidi na hidrojeni, ambao wanakemia huuita gesi sanisi, kweli hugeuzwa kuwa alkoholi juu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) chenye shaba, na viwanda vinavyofanya hivyo huzalisha mamilioni ya tani kila mwaka. Ulichosoma kina ukweli ndani yake, lakini kimeacha mambo mawili makubwa: alkoholi inayopatikana juu ya shaba ni methanoli, si ethanoli, na shaba yenyewe ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote katika kazi hiyo. Ugumu umejificha kwenye gesi.

Tuanze na chupa yako. Kuni zinapopashwa moto bila hewa ya kutosha huvunjika na kutoa mvuke wa maji, asidi ya siki, asetoni, lami, vitu vya jamii ya fenoli na kiasi kidogo cha methanoli. Methanoli hiyo ndiyo iliyoitwa spiriti ya mti kwa miaka mingi, kwa sababu kabla ya mwaka 1923 karibu methanoli yote ya kibiashara ilitoka kwenye kuni zilizochomwa ndani ya matangi yaliyofungwa, na tani nzima ya kuni ilitoa kilo 10 hadi 20 tu. Katika tanuri lililojengwa vizuri, mivuke hiyo hulazimika kupita kwenye makaa mekundu na kuvunjwa kuwa gesi nyepesi kabla ya kutoka. Maji yako kuwa ya kahawia kunanionyesha kwamba sehemu ya mivuke inapenya bila kuvunjwa, pengine kwa sababu koo la tanuri ni pana mno au makaa hayana kina cha kutosha. Matone yaliyowaka yalikuwa na spiriti ya mti, asetoni na ndugu zao, na vyote hivyo vilikuwemo kwenye gesi kabla haijaigusa shaba. Ungeondoa waya wote na kupitisha gesi kwenye bomba tupu kwa saa 4 zilezile, ungekinga maji yaleyale yenye harufu ileile. Jaribio hilo la bomba tupu ndilo lingepaswa kutangulia, na silisemi kwa kukulaumu, maana hata kwenye maabara zenye vifaa vyote watu hulisahau wanapokuwa na hamu ya matokeo.

Sasa swali la joto, ambalo ndilo lenye mafunzo mengi. Mmenyuko unaoutafuta huunganisha molekuli 1 ya kaboni monoksaidi na molekuli 2 za hidrojeni kupata molekuli 1 ya methanoli, na kila moli inayoundwa (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli) hutoa takriban kilojuli 91 za joto. Mambo mawili hufuata papo hapo. La kwanza, kwa kuwa mmenyuko unatoa joto, kadiri unavyozidi kupasha ndivyo methanoli inavyoelekea kurudi kuwa gesi. La pili, kwa kuwa molekuli 3 zinakuwa 1, mgandamizo mkubwa huusukuma mmenyuko mbele, na mgandamizo mdogo huuacha pale ulipo. Katika hali kama hiyo kuna mpaka ambao hakuna kichocheo kinachoweza kuuvuka, nao ni msawazo wa kikemia, yaani hali ambapo methanoli inaundwa na kuvunjika kwa kasi ileile. Kichocheo huharakisha safari ya kufika kwenye msawazo, lakini hakiusogezi hata hatua moja.

Hebu tupige hesabu kwa bomba lako. Kwenye nyuzi 300 na mgandamizo wa kawaida wa hewa, ukiwa na asilimia 20 ya kaboni monoksaidi na asilimia 17 ya hidrojeni, msawazo hauruhusu zaidi ya sehemu chache za methanoli katika kila sehemu milioni za gesi. Tuseme tanuri lako hutoa mita za ujazo 10 kwa saa. Katika saa 4 zitapita mita za ujazo 40, na methanoli yote inayoweza kuundwa humo, hata kwa kichocheo bora kuliko vyote duniani, ni kama desigramu 1 au 2, yaani matone machache tu. Matone hayo yangeyeyuka ndani ya nusu lita ya maji ya moshi na usingeweza kuyatambua kwa pua wala kwa kiberiti. Ukipandisha joto hadi nyuzi 400, hata hayo matone yanapungua mara nyingi. Ukilishusha hadi nyuzi 150, msawazo unakuwa na huruma zaidi, lakini hapo shaba inapoa na mmenyuko unakwenda taratibu kiasi cha kutoonekana. Sekta nzima ya methanoli imejengwa ndani ya uchochoro huo mwembamba, kati ya joto linaloua msawazo na ubaridi unaolaza kichocheo, na kinachoupanua uchochoro ni mgandamizo.

Historia yake inaonyesha jambo hili vizuri. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kutengeneza methanoli kwa gesi sanisi mwaka 1923 katika kiwanda cha Leuna, ikitumia oksidi za zinki na kromiamu. Kichocheo hicho kilikuwa kivivu na kilihitaji zaidi ya nyuzi 300, kwa hiyo ilibidi mgandamizo upandishwe hadi mara 250 au 300 ya ule wa hewa ili kufidia kile ambacho joto lilikuwa likiharibu. Wakemia wa wakati ule walijua kwamba shaba ni bora zaidi, lakini hawakuweza kuitumia kwa sababu gesi yao ilitoka kwenye makaa ya mawe na ilikuwa na salfa, na salfa ni sumu ya shaba. Ilichukua zaidi ya miaka 40. Mwaka 1966 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianzisha mtambo wa kichocheo cha shaba, oksidi ya zinki na alumina (oksidi ya alumini), uliofanya kazi kwenye nyuzi 200 na kitu hadi chini ya 300, kwa mgandamizo wa takriban angahewa 50 tu, yaani mara 50 ya ule wa hewa. Kilichowezesha hilo si ugunduzi wa shaba. Kilichowezesha ni kupatikana kwa gesi iliyosafishwa salfa mpaka ikabaki chini ya sehemu 1 katika milioni, na leo wahandisi hutaka hata sehemu ya kumi ya kiwango hicho.

Kuhusu waya wako nina neno la pekee. Mmenyuko hutokea juu ya uso wa shaba na si ndani yake, kwa hiyo kinachohesabiwa ni eneo la uso. Gramu 1 ya waya wenye kipenyo cha milimita 1 ina uso wa sentimita za mraba 4.5 hivi, ambao hauzidi stempu ndogo ya barua. Gramu 1 ya kichocheo cha kiwandani ina shaba iliyosambazwa katika chembe ndogo mno, za vipimo vya nanomita, na uso wake wa shaba hufikia makumi ya mita za mraba. Tofauti ni ya makumi elfu ya mara. Oksidi ya zinki huzitenganisha chembe hizo, na ukaribu wake na shaba huongeza uwezo wa uso wenyewe; alumina huzizuia zisiyeyukiane na kuwa mabonge. Kichocheo hiki hufika kikiwa vidonge vyeusi vya oksidi, kisha hupunguzwa, yaani huondolewa oksijeni, taratibu kwa hidrojeni iliyochanganywa na nitrojeni nyingi, maana ukiharakisha, joto linalotoka huyeyusha chembe na kazi yote huharibika siku ya kwanza. Kikishapunguzwa hakipatani tena na hewa. Niliwahi kumwona mwanafunzi akikimimina kwenye sahani kabla hakijatulizwa, na katika muda wa kupepesa macho vidonge viligeuka vyekundu kama makaa ya jiko.

Lipo jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Tunaandika mmenyuko kana kwamba kaboni monoksaidi ndiyo inayogeuka methanoli, lakini majaribio ya miaka ya 1980, yaliyotumia kaboni iliyotiwa alama ili ifuatiliwe, yalionyesha kwamba katika hali ya kiwandani sehemu kubwa ya kaboni ya methanoli hutoka kwenye kaboni dioksaidi. Hidrojeni hupasuka juu ya shaba, kaboni dioksaidi hupokea atomu moja na kuwa fomati, kipande cha kaboni, oksijeni na hidrojeni kilichokaa juu ya uso, kisha hupokea nyingine hatua kwa hatua mpaka methanoli ibanduke na kuacha molekuli ya maji nyuma. Maji hayo yakirundikana huziba uso, na hapo ndipo kaboni monoksaidi inapofanya kazi yake: inayachukua maji, inatoa hidrojeni na kugeuka yenyewe kuwa kaboni dioksaidi. Ndiyo maana gesi isiyo na kaboni dioksaidi kabisa hufanya kazi vibaya, na ndiyo maana inawezekana pia kutengeneza methanoli kwa kaboni dioksaidi na hidrojeni pekee, kama ilivyoanza kufanyika nchini Iceland mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Turudi kwenye tanuri lako, kwa sababu hapa ndipo mradi unapokwama hata ukipewa kichocheo bora bila malipo. Gesi ya kuni iliyopuliziwa hewa huwa na kaboni monoksaidi asilimia 20 hivi, hidrojeni 17, kaboni dioksaidi 11, methani 2, na iliyobaki, yaani karibu nusu nzima, ni nitrojeni. Wahandisi wana kipimo rahisi cha kufaa kwa gesi: chukua hidrojeni, toa kaboni dioksaidi, kisha gawanya kwa jumla ya kaboni monoksaidi na kaboni dioksaidi. Jibu linalotakiwa ni 2 au zaidi kidogo. Kwa gesi yako ni 6 kugawanywa kwa 31, nayo haifiki hata 0.2. Wengi hudhani kwamba kuongeza mvuke wa maji kutatatua tatizo, kwa kuwa mvuke hugeuza kaboni monoksaidi kuwa hidrojeni. Ni kweli inageuka, lakini kila hidrojeni inayozaliwa huzaliwa pamoja na kaboni dioksaidi moja, na ukirudia hesabu utaona kipimo hakijabadilika. Ni lazima kaboni dioksaidi iondolewe kwa kuoshwa na kimiminika maalumu, na huo ni mtambo mwingine mzima.

Nitrojeni nayo haina madhara ya kikemia, lakini ni abiria asiyelipa nauli. Unaigandamiza pamoja na gesi nyingine, na nusu ya kazi ya kompresa inapotelea kwake. Kwenye mgandamizo wa angahewa 50, kaboni monoksaidi na hidrojeni zikijumlishwa hazifikii angahewa 19. Tena, kwa kuwa gesi ikipita mara moja juu ya kichocheo hugeuka sehemu yake tu, viwanda hupoza methanoli itoke kisha huirudisha gesi iliyobaki kwenye mzunguko, mara nyingi. Ukiwa na nitrojeni nusu, baada ya mizunguko michache utakuwa unazungusha nitrojeni tupu, na ukiitoa nje unatoa pamoja nayo gesi uliyoihangaikia. Hii ndiyo sababu viwanda vya namna hii hutumia oksijeni iliyotenganishwa, au hupasha tanuri kwa njia isiyoingiza hewa ndani.

Na tuseme yote hayo umeyashinda. Mita 1 ya ujazo ya gesi yako, ikigeuzwa kwa ukamilifu ambao hakuna mtambo unaoufikia, ingetoa methanoli gramu 175 hivi, yenye nishati ya takriban megajuli 3.5. Gesi yenyewe kabla ya kuguswa ilikuwa na megajuli 5. Kompresa, vipoozeo na mitambo ya kuosha bado hazijachukua fungu lao.

Ethanoli ina ugumu wake wa pekee, na kwa kuwa ndiyo uliyoitaka, nitaieleza kwa kituo kidogo. Methanoli ina kaboni 1. Ethanoli ina 2 zilizoshikana. Ili zishikane, kichocheo lazima kifanye kazi mbili zinazopingana mahali pamoja: kivunje baadhi ya molekuli za kaboni monoksaidi na kuzigeuza vipande vya kaboni na hidrojeni, na wakati huohuo kiziache nyingine zikiwa nzima ili zijipenyeze kwenye vipande hivyo zikiwa bado na oksijeni yake. Shaba haina nguvu ya kuvunja, kwa hiyo huishia kwenye methanoli. Chuma na kobalti huvunja kwa pupa na kuunda minyororo mirefu ya haidrokaboni, njia iliyovumbuliwa Ujerumani na Franz Fischer na Hans Tropsch katika miaka ya 1920. Nikeli huenda moja kwa moja kwenye methani, ambayo kwa kweli ndiyo bidhaa ambayo msawazo unaipenda kuliko zote, hata kila kichocheo cha alkoholi kinapaswa kuhesabiwa kuwa ni mlinzi anayezuia gesi isikimbilie huko.

Rodiamu iko katikati na huunda ethanoli kwa kiasi cha kutia moyo, ila ni miongoni mwa metali ghali kuliko zote. Watafiti wamechanganya shaba na kobalti, wakaongeza potasiamu, wakajaribu pia molibdenamu iliyoungana na salfa, ambayo ina sifa ya ajabu: badala ya kuuawa na salfa, huhitaji kiasi kidogo cha salfa kwenye gesi ili ibaki hai. Hata hivyo njia hizi zote hutoa mchanganyiko wa methanoli, ethanoli, propanoli na haidrokaboni, na hakuna iliyopata nafasi imara katika uzalishaji mkubwa kama ile ya shaba na methanoli, ambako zaidi ya asilimia 99 ya kinachotoka ni kile kinachotakiwa. Kwa maoni yangu, yeyote anayekuahidi kichocheo cha kugeuza gesi ya kuni moja kwa moja kuwa ethanoli safi anakuuzia matumaini.

Ethanoli ya gesi sanisi inayofika sokoni hupita njia za mzunguko. Nchini China, tangu mwaka 2017, kuna mtambo mkubwa unaotengeneza kwanza methanoli, kisha dimethili etha, ambayo huunganishwa na kaboni monoksaidi kupata methili asetati, nayo hatimaye hupewa hidrojeni juu ya shaba na kutoa ethanoli. Njia nyingine haitumii metali kabisa. Kuna bakteria wa jenasi ya Clostridium wanaokula kaboni monoksaidi wakiwa ndani ya maji ya joto la mwili na kutoa ethanoli. Kampuni ya LanzaTech ilianza kuwatumia kibiashara mwaka 2018 kwenye gesi za kiwanda cha chuma nchini China. Bakteria hawana uchaguzi mkali wa uwiano wa gesi na huvumilia uchafu ambao ungeiua shaba, ila ethanoli yao hutoka ikiwa imezimuliwa sana na lazima ikenekwe. Usifikiri kwamba hii ni njia ya karakana, kwani kuyeyusha gesi ngumu kuyeyuka ndani ya maji bila kuingiza vijidudu vingine ni taaluma kamili.

Basi ufanye nini na tanuri lako? Ushauri wangu ni uendelee na kile ambacho tayari kimefanikiwa: ichome gesi moja kwa moja kwenye injini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, petroli ilipoadimika, magari mengi sana ya Ulaya yaliendeshwa kwa matanuri ya kuni yaliyofungwa nyuma ya gari. Injini hupoteza kati ya theluthi moja na nusu ya nguvu yake, lakini hupotezi kitu kwenye kompresa, kichocheo wala mzunguko. Tumia juhudi zako kubana koo la tanuri, kuongeza kina cha makaa na kuboresha chujio, mpaka maji yanayokingwa kwenye kipoozeo yawe karibu kutokuwa na rangi. Fundi anayefikia hapo amefanya kazi ngumu kuliko ya kununua kichocheo. Ikiwa unachohitaji hasa ni mafuta ya kimiminika yanayoweza kuhifadhiwa, ethanoli ya kuchachusha sukari au wanga na kuikeneka inafikika kwa vifaa vya kawaida, mradi ufuate sheria za kukeneka pombe mahali ulipo. Na kama kinachokuvuta ni sayansi yenyewe, nenda kwenye idara ya uhandisi wa kemia ya chuo kilicho karibu nawe, kwa sababu huko kuna vinu vidogo vya gramu chache za kichocheo vinavyotumia gesi safi ya mitungi, na fundi anayejua kuchomelea na kupima huwa ni mgeni anayekaribishwa.

Kuhusu injini ya petroli, hata ungekuwa na methanoli safi ungepaswa kuiandaa. Lita 1 ya methanoli ina takriban nusu ya nishati ya lita 1 ya petroli, na huhitaji kilo 6.4 za hewa kwa kila kilo, ilhali petroli huhitaji 14.7, kwa hiyo kabureta isiyobadilishwa itaipa injini mafuta machache mno, na injini itachemka. Methanoli hula alumini na zinki, hulainisha baadhi ya mipira ya mfumo wa mafuta, na huwa nzito kuwaka injini ikiwa baridi. Upande mwingine haigongi kirahisi, yaani haijilipukii ovyo ndani ya silinda, na injini iliyotengenezwa kwa ajili yake hufanya kazi vizuri sana. Maji yako ya kahawia hayana faida hata moja kati ya hizo. Asidi yake itakula tangi, na lami yake itagandisha vali.

Lililobaki ni usalama, na hapa naomba unisome kama ungemsikiliza mtu aliyesimama mbele yako. Usijaribu kuongeza mgandamizo kwenye bomba hilo. Hidrojeni ya moto yenye mgandamizo hupenya ndani ya chuma cha kawaida, huungana na kaboni iliyomo na kukipasua kutoka ndani bila dalili ya nje, na kaboni monoksaidi yenye mgandamizo hushikana na chuma na nikeli kuunda mivuke yenye sumu kali, ule wa nikeli ukiwa miongoni mwa mibaya kuliko yote. Chombo cha namna hiyo husanifiwa, hupimwa na kukaguliwa na mhandisi mwenye idhini ya vyombo vya mgandamizo, si kwa kukisia unene wa bomba. Nunua kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi na ukivae kifuani unapofanya kazi. Ukiumwa kichwa, ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na tanuri, ondoka kwenda kwenye hewa safi na upate daktari, hata kama baada ya dakika 10 unajiona mzima.

Methanoli nayo ina hila. Mwali wake karibu hauonekani mchana, kwa hiyo mtu huweza kuweka mkono ndani ya moto asiouona. Mililita 10 zikimezwa zinaweza kumpofusha mtu, na 30 zinaweza kumuua, kwa sababu ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, na katika muda huo mtu huonekana kama mlevi wa kawaida au hana shida kabisa. Ikiwa wewe au mtu mwingine ameonja maji yale, asisubiri macho yaanze kuona ukungu. Aende hospitali leo, ataje neno methanoli waziwazi, kwa kuwa dawa ipo na hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Nusu lita iliyobaki usiimwage kwenye mtaro wala kwenye udongo, maana fenoli zilizomo huua viumbe vya majini hata zikiwa kidogo. Itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko imara, isiwe chupa iliyowahi kuwa na kinywaji, andika juu yake kwa herufi kubwa kuwa ni sumu, na uiweke mbali na watoto na moto. Ukienda chuoni ichukue na uombe ipimwe kwa kromatografia ya gesi, mbinu inayotenganisha vitu vilivyochanganyika na kuchora kilele kwa kila kimoja. Kipimo hicho huchukua chini ya saa moja, nacho kitakuonyesha kilele kikubwa cha asidi ya siki, kilele kidogo cha methanoli, na mahali pa ethanoli mstari ukiwa umelala karibu na sifuri.